Picha laki moja za ubongo na swali ambalo wingi haulijibu

Julai 2025 mradi wa UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, ulitangaza kuwa umempiga picha mtu wake wa 100,000. Kazi hiyo ilianza mwaka 2014, na kila aliyejitolea aliingizwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, ili ubongo wake, moyo wake na viungo vingine vichukuliwe picha. Habari ilipokelewa kwa shangwe, na kwa haki. Ila ndani ya shangwe hiyo kuna kauli inayorudiwa kila kona, kwamba sasa tutajua bila shaka ubongo wa kundi hili unatofautianaje na wa kundi lile: wanaume na wanawake, wenye sonona na wasio nayo, wazee wanaosahau na wasiosahau. Naona kauli hiyo imewekwa kichwa chini, miguu juu. Sampuli kubwa inatibu ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa kadhaa ya fani hii ya picha za ubongo, nao ni ule wa bahati nasibu. Mengine inayaacha palepale yalipo. Na kuna jambo jipya inalolileta: inafanya tofauti zipatikane kirahisi mno, hata zile ambazo hazitatusaidia kusema lolote kuhusu mtu yeyote.

Ili hoja ieleweke, tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Picha ya ubongo inayoingia kwenye takwimu ni lundo la namba. Mashine huugawa ubongo katika vipande vidogo vya umbo la mchemraba viitwavyo vokseli, mara nyingi vya milimita 2 au 3 kila upande, na ubongo mzima huweza kuwa na vokseli laki moja au zaidi. Anayelinganisha makundi mawili huzisogeza kwanza bongo zote zilingane kwenye ramani moja, kisha kwa kila vokseli huchukua wastani wa kundi la kwanza, akatoa wastani wa kundi la pili, akagawanya kwa kiasi ambacho wastani hizo zingeyumba kwa bahati tu. Jibu likiwa kubwa vya kutosha, vokseli hiyo hupakwa rangi nyekundu au ya machungwa. Kwa desturi, “vya kutosha” maana yake ni kwamba bahati peke yake ingetoa tofauti kama hiyo chini ya mara 5 katika 100. Sasa zidisha. Ukiuliza swali hilo mara 100,000 kwenye bongo ambazo hazina tofauti yoyote, utapata vokseli 5,000 zenye rangi. Hazitatawanyika sawasawa, kwa sababu vokseli jirani hufanana; zitajikusanya katika vishada vinavyovutia macho, na mtu yeyote mwenye kitabu cha anatomia pembeni atapata hadithi ya kueleza kwa nini kishada kile kimekaa pale.

Hapo ndipo alipoingia samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliwasilisha kazi ambayo waliifanya kwa kumweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya skana. Wakamwonyesha picha za binadamu wakiwa katika hali mbalimbali za kijamii, na kama itifaki ilivyotaka, akaulizwa aseme mtu kwenye picha anajisikiaje. Walipochambua bila kusahihisha wingi wa maswali, vokseli chache ndani ya ubongo wa maiti yule ziliwaka. Walipotumia masahihisho ya kawaida, yanayodai pengo kubwa zaidi kadiri maswali yanavyoongezeka, zilizimika zote. Mwaka 2012 walipewa Ig Nobel, tuzo ya utani kwa tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha, na samaki akawa maarufu kuliko watafiti wengi walio hai.

Miaka saba baada ya samaki ilikuja kazi nzito zaidi. Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua picha za watu 499 wenye afya waliokuwa wamelala tu ndani ya skana bila kazi yoyote, wakawagawa ovyo katika makundi, na kurudia mgawanyo na uchambuzi karibu mara milioni 3 kwa kutumia programu zinazotegemewa na fani nzima, yaani SPM, FSL na AFNI. Kwa kuwa makundi yalikuwa ya ovyo, hapakuwa na tofauti ya kweli ya kutafuta. Programu zilitakiwa zikosee mara 5 kati ya 100. Kwa baadhi ya mipangilio ya kupima vishada, zilikosea hadi mara 70 kati ya 100. Chanzo kikubwa kilikuwa dhana ya kihisabati kuhusu jinsi vokseli jirani zinavyofanana, dhana ambayo ubongo halisi hauitii. Katika programu mojawapo kulikuwa pia na kosa la kiprogramu lililokaa miaka 15. Mwanzoni makala ilidokeza kwamba tafiti 40,000 zimetiwa shaka. Baadaye waandishi walisahihisha kauli yao, na Nichols akakadiria kuwa zilizoathirika hasa ni kama 3,500. Magazeti yaliipenda ile namba ya kwanza, na mpaka leo ndiyo inayotajwa.

Dawa iliyotoka salama kuliko nyingine katika jaribio lile ni rahisi kiasi cha kufundishika kwa dakika kumi: kuchanganya majina. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoijaribu. Nilikuwa na jedwali la watu 40, ishirini wagonjwa na ishirini wazima, na unene wa gamba la ubongo katika maeneo 68 kwa kila mmoja. Eneo moja lilikuwa na pengo zuri, na tayari nilikuwa nimeanza kuliandikia aya. Nikaiambia kompyuta isahau nani ni mgonjwa, igawe lebo ovyo, itafute pengo kubwa kuliko yote katika yale maeneo 68, ilihifadhi, irudie mara 10,000. Karibu theluthi moja ya migawanyo ile ya ovyo ilitoa pengo kubwa kuliko langu. Yaani nilichodhani ni ugunduzi kilikuwa kuokota dodo chini ya mnazi. Aya nikaifuta.

Tatizo lenyewe halikuwa masahihisho peke yake. Lilikuwa pia udogo wa sampuli, na hapa watu wengi hudhani kosa la sampuli ndogo ni kukosa kuona tofauti iliyopo. Hilo lipo, lakini baya zaidi ni kuiona ikiwa imevimba. Chukua makundi mawili ya watu 20 kila moja. Ili tofauti ivuke kizingiti cha kawaida, kile cha mara 5 katika 100, ni lazima ionekane kuwa na ukubwa wa kama 0.64 ya mkengeuko sanifu, yaani karibu theluthi mbili ya kiwango ambacho watu hutofautiana wao kwa wao. Kama tofauti ya kweli duniani ni 0.2, basi kila utafiti wa ukubwa huo utakaoipata na kuielekeza upande sahihi utakuwa umeikuza zaidi ya mara tatu. Anayesema kweli hachapishwi, anayechapishwa ametia chumvi, na wala hakukusudia. Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walikadiria kuwa nguvu ya kitakwimu, yaani uwezo wa kuiona tofauti iliyopo, kwa utafiti wa katikati kati ya tafiti za picha za ubongo walizozipitia ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake, wakitumia picha za watu takriban 50,000, walionyesha kuwa uhusiano kati ya ubongo na mambo kama uwezo wa kiakili au dalili za afya ya akili una thamani ya katikati (mediani) ya 0.01 kwenye kipimo kinachoishia 1, na kwamba kuupata kwa uhakika kunadai maelfu ya watu, wakati tafiti za kawaida zilikuwa na watu kama 25.

Kutokana na historia hii zimezaliwa kambi mbili, na ile dhaifu niimalize kwanza. Kambi hiyo inasema fani nzima ni uaguzi: kama samaki mfu anawaza, basi rangi zote kwenye picha za ubongo ni ulaghai. Ni mantiki ya samaki mmoja akioza wote wameoza, na hapa haifai hata kidogo. Samaki wa Bennett hakuonyesha kuwa MRI inadanganya. Alionyesha kuwa hesabu isiyosahihishwa inadanganya, na iliposahihishwa ikasema kweli. Eklund na wenzake walibaini hitilafu kwa sababu wengine walikuwa wameziweka picha zao wazi kwa kila mtu kuzitumia. Huko ni kujisafisha ambako fani nyingi hazijathubutu. Na zipo tofauti za makundi ambazo zimerudiwa mara nyingi mno kuwa bahati. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, husinyaa kwa mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer, na hilo hakuna mtakwimu wa kulipinga. Mwenye kusema yote ni uongo hajafanya uchambuzi zaidi ya yule anayesema yote ni kweli. Wote wawili wamejiondolea kazi ya kusoma.

Kambi ya pili ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu ina hoja na inashika kasi. Inasema: tatizo lilikuwa udogo, sasa tuna ukubwa, kwa hiyo tatizo limekwisha. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo naikubali bila masharti. Ukiwa na maelfu ya watu, na ukasahihisha wingi wa maswali, samaki hawezi tena kuwaza, na pengo la 0.2 litaonekana kama 0.2. Lakini hebu tufanye hesabu upande wa pili. Wagawe hao 100,000 katika makundi mawili ya 50,000. Sasa tofauti ya 0.035 ya mkengeuko sanifu itavuka siyo kizingiti cha kawaida tu, bali hata sahihisho kali kuliko yote, lile la kugawanya kizingiti kwa vokseli zote laki moja. Ni tofauti ya ukubwa gani hiyo? Tuseme hipokampasi ya upande mmoja ina ujazo wa milimita 4,000 za ujazo na watu hutofautiana kwa mkengeuko wa 400. Basi 0.035 ni milimita 14 za ujazo, mchemraba wa milimita 2.4 kila upande, yaani takriban vokseli moja. Ukichukua mtu mmoja kutoka kila kundi bila kuchagua, ukaambiwa ubashiri yupi ametoka kundi gani kwa kuangalia kipimo hicho, utapatia mara 51 kati ya 100. Sarafu ingepatia 50. Na bado matokeo hayo yataandikwa kwa neno lilelile lililotumiwa kwa Alzheimer: “tofauti ya wazi kitakwimu.”

Neno hilo ndilo linalotuponza. Kwa mtakwimu linamaanisha kuwa bahati peke yake haitoshi kueleza pengo hilo. Kwa msomaji linamaanisha kuwa kundi hili lina ubongo wa aina yake. Sampuli zilipokuwa ndogo, maana hizo mbili zilikaribiana kwa lazima, kwani pengo dogo halikuweza kuvuka. Kadiri sampuli zinavyokua, maana hizo zinaachana, na hakuna aliyewaarifu wasomaji.

Mfano halisi ni kazi za muungano wa ENIGMA, ambao hukusanya picha kutoka vituo vingi duniani. Mwaka 2017 ulichapisha ulinganisho wa watu 1,713 wenye ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kushika jambo, na watu 1,529 wasio nayo. Sehemu kadhaa za ndani ya ubongo zilikuwa ndogo kidogo kwa wenye ADHD. Iliyoongoza ni amigdala, sehemu inayohusika na hisia, kwa pengo la 0.19. Kazi ilifanywa kwa uangalifu. Lakini hitimisho lilipofika kwamba wenye ADHD wana ubongo uliobadilika na kwamba madaktari wawaeleze hivyo wagonjwa na wazazi, hapo namba na maneno viliachana mikono. Pengo la 0.19 likichorwa kama vilima viwili juu ya mstari mmoja, vilima hivyo hufunikana kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa sonona, muungano huohuo ulipata pengo la 0.14 kwenye hipokampasi. Kwa skizofrenia lilikuwa 0.46, na hilo katika uwanja huu ni kubwa. Hata hivyo ukirudia ule mchezo wa kubashiri watu wawili kwa hipokampasi peke yake utakosea mara 37 kati ya 100. Wagonjwa wengi sana wana hipokampasi kubwa kuliko wazima wengi.

Mpaka hapa nimedhani kuwa pengo, dogo au kubwa, linatoka kwenye ubongo. Sivyo kila mara, na hapa ndipo ugonjwa ambao wingi hauugusi kabisa. Mtu amelala chali ndani ya bomba, mashine inagonga kama nyundo, ameambiwa asisogee kwa dakika kumi. Anameza mate. Anavuta pumzi ndefu, na kidevu kinapanda kwa sehemu ya milimita. Kwa macho hajatikisika. Lakini mwaka 2012 vikundi vitatu vya watafiti, kila kimoja kwa njia yake, vilionyesha kuwa msogeo wa sehemu ya milimita unatosha kufanya maeneo ya ubongo yaliyo jirani yaonekane yanawasiliana zaidi na yaliyo mbali yaonekane yanawasiliana kidogo. Nani husogea zaidi? Watoto kuliko watu wazima, wazee kuliko vijana, wenye usonji, wenye ADHD, wenye wasiwasi. Yaani makundi yaleyale tunayotaka kuyalinganisha. Sehemu ya simulizi iliyokuwa imeshakubalika kuhusu jinsi mawasiliano ya ubongo wa mtoto yanavyokomaa iligeuka kuwa simulizi ya watoto wasiotulia. Hata picha za umbo, zisizohusu mawasiliano, huathirika: anayesogea huonekana ana tishu ya kijivu pungufu. Ongeza watu kutoka 100 hadi 100,000 na kosa hilo halipungui hata chembe. Linapata uhakika zaidi. Utakuwa na mstari mwembamba sana wa makadirio uliochorwa mahali pasipo sahihi. Na ukisema utawatoa wote waliosogea, umewatoa wagonjwa waliozidiwa, ukabaki ukilinganisha wazima na wagonjwa wenye nafuu.

Mashine nayo ina tabia zake. Skana mbili za kampuni tofauti zikimpiga picha mtu mmoja siku moja hutoa ujazo unaotofautiana. Zipo mbinu za kusawazisha, na inayotumiwa sana, ComBat, ilizaliwa kwenye utafiti wa jeni kabla ya kuhamia kwenye picha za ubongo. Inafanya kazi vizuri pale ambapo kila kituo kina wagonjwa na wazima. Lakini hospitali moja ikileta wagonjwa watupu na chuo kingine kikaleta wazima watupu, hakuna hesabu duniani itakayokuambia ni kiasi gani cha pengo kimetoka kwenye ugonjwa na kiasi gani kwenye sumaku. Kwa hili UK Biobank iliona mbali: vituo vyake vyote vilitumia mashine za aina moja.

Kuna pia suala la ukubwa wa kichwa, ambalo ningependa lifundishwe kabla ya somo lolote la tofauti za kijinsia. Kwa wastani ubongo wa mwanaume ni mkubwa kwa takriban asilimia 11 kuliko wa mwanamke, na miili nayo hutofautiana. Ukilinganisha kipande chochote bila kuzingatia hilo, karibu kila kipande kitakuwa kikubwa kwa wanaume, na umerudia jambo moja mara mia. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa tofauti ya hipokampasi, iliyokuwa ikitajwa kama mfano wa vitabuni, haikubaki ukubwa wa kichwa ulipozingatiwa. Basi turekebishe kila mara? Hapana, na ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa programu ibonyezewe kitufe. Kugawanya tu kipande kwa ubongo mzima hudhani kuwa vyote hukua kwa uwiano mmoja, na havikui hivyo. Mwenye kichwa kikubwa anapunjwa kwenye baadhi ya vipande na kupendelewa kwenye vingine. Na kwa ugonjwa unaosinyaza ubongo wote, ukirekebisha kwa ubongo uliokwisha kusinyaa umeufuta ugonjwa wenyewe kwenye hesabu. Ndiyo maana wanaochunguza Alzheimer hurekebisha kwa ujazo wa ndani ya fuvu, ambao haubadiliki na ugonjwa. Uamuzi huo hautoki kwenye takwimu. Unatoka kwenye kujua nini kinasababisha nini.

Halafu waliojitolea ni akina nani? Kati ya mwaka 2006 na 2010 UK Biobank ilialika watu wapatao milioni 9 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Waliokubali ni kama asilimia 5.5. Wengi mno ni weupe, na kwa ujumla wanavuta sigara kidogo na wana afya bora kuliko Waingereza wa rika lao. Anayeamka asubuhi, akasafiri hadi kituoni na kulala ndani ya bomba kwa hiari hayuko kwenye dimbwi la sonona kali. Kwa hiyo “wenye sonona” wa hazina hii ni wale ambao sonona yao iliwaruhusu kufika. Pengo litakalopimwa litakuwa sahihi kwa hao, kwa tarakimu tatu za desimali.

Sasa niitendee haki hoja yenye nguvu ya upande wa pili, kwani ipo. Wanasema pengo dogo la wastani linaweza kuwa kubwa mwishoni mwa mgawanyo. Ni kweli: makundi mawili yakitofautiana kwa 0.2 tu, na ukatazama walio mikengeuko miwili juu ya wastani wa kundi la chini, kundi la juu litakuwa na watu kama hao zaidi kwa karibu asilimia 60. Kwa sera ya afya ya umma hilo si dogo. Wanasema pia kuwa vipande vikitazamwa kimoja kimoja hufunikana, lakini vikitazamwa kwa pamoja hutenganisha, kama vile pua peke yake haikuambii jinsia ya mtu ilhali uso mzima unakuambia. Ubishi huu uliwaka baada ya mwaka 2015, Daphna Joel na wenzake walipopima bongo zaidi ya 1,400 na kuona kuwa chache tu, chini ya asilimia 10, zilikuwa na sifa zote upande mmoja. Nyingi zilikuwa mseto. Wakosoaji wakajibu kwa mashine za kujifunza zilizobashiri jinsia kwa picha na kupatia zaidi ya mara 9 kati ya 10.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa sahihi, kila upande ukijibu swali lake. Ubashiri ule ulipungua kwa kiasi kikubwa ukubwa wa kichwa ulipozuiwa, ila haukuisha. Kwa hiyo ubongo unabeba alama za jinsia zilizosambaa kidogo kidogo. Lakini kuweza kubashiri kundi hakukupi maelezo ya kundi. Mashine inaweza kubashiri pia skana iliyotumika, na kwa usahihi wa kutisha. Kuhusu mwisho wa mgawanyo, swali langu ni mgawanyo wa nini. Kama tungekuwa tunapima shinikizo la damu, ambalo lenyewe huua, ningenyamaza. Hipokampasi ndogo si ugonjwa. Ni kipimo kinachoambatana na ugonjwa kwa ulegevu, na kuruka kutoka ncha ya kimoja hadi ncha ya kingine kunadai ushahidi wake wa peke yake.

Kosa moja zaidi nilitaje kwa sababu linafanywa na watu makini. Mtafiti anapata kwamba eneo fulani liliitikia dawa kwa wagonjwa, tofauti ikavuka kizingiti. Kwa wazima haikuvuka. Anaandika kuwa dawa inafanya kazi tofauti kwa makundi hayo. Hajalinganisha chochote. Wagonjwa wangeweza kuvuka kwa unywele na wazima kukosa kwa unywele, pengo kati yao likawa sifuri. Mwaka 2011 Sander Nieuwenhuis na wenzake walipitia makala 513 za sayansi ya neva katika majarida yanayoheshimika. Kati ya 157 zilizokuwa na nafasi ya kufanya kosa hilo, 79 zililifanya. Zaidi ya nusu, na zote zilikuwa zimepitiwa na wataalamu.

Ikiwa hoja yangu ina uzito, basi kuna mambo yanapaswa kubadilika kabla wimbi la makala za laki moja halijafika. Jarida lisikubali neno “tofauti” bila ukubwa wake na bila vilima viwili kuchorwa kwenye mstari mmoja. Mchoro huo hauzidi upana wa kiganja na unafuta nusu ya vichwa vya habari. Kiwango cha msogeo wa kila kundi kiwekwe kwenye jedwali la kwanza, pamoja na umri. Uchambuzi uandikwe na kusajiliwa kabla ya data kufunguliwa, kwa sababu uhuru wa mchambuzi ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mwaka 2020 vikundi 70 vilipewa picha zilezile za watu 108 na maswali tisa yaleyale, na hapakuwa na vikundi viwili vilivyofuata hatua zinazofanana, na kwenye baadhi ya maswali majibu yao yaligongana. Na uhuru huo haupungui kwa sababu watu wameongezeka. Mwenye bongo 100,000 ana njia nyingi kuliko mwenye bongo 20 za kupata anachokitaka, kwani anaweza kukata makundi kwa umri, kwa elimu, kwa kilo, na kila kipande bado kikabaki na maelfu.

Wanaotaka kuupeleka ulinganisho huu nje ya maabara, kwenye mahakama, ajira au shule, wana mzigo mwingine kabisa. Mtafiti anauliza makundi yanatofautianaje. Hakimu, mwajiri na mwalimu wana mtu mmoja mbele yao. Mzazi wa mtoto anayeshindwa kukaa kitini husoma kwamba ubongo wa watoto kama wake uko tofauti, akaomba mtoto apigwe picha. Picha itakuja safi, na amigdala itapimwa hadi milimita ya ujazo. Kwa pengo la 0.19, kipimo hicho kitamsaidia daktari kupatia mara 54 kati ya 100, kama wenye ADHD na wasio nayo wangekuwa nusu kwa nusu. Saa moja ya mahojiano na mzazi, pamoja na dodoso alilojaza mwalimu, humwambia zaidi, na ndiyo njia ambayo ADHD hugunduliwa hadi leo.